Gari la Mayai na Maji ya Chumvi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Kobe alipakia mayai.

Kobe halikuwa jina lake. Madereva wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu aliendesha gari polepole kuliko watu wote mjini. Yeye hakuchukia. Mtu anayebeba trei sitini za mayai hana haraka. Akikanyaga breki kwa nguvu mara moja tu, kazi ya siku nzima inageuka uji.

Gari lake nalo lilikuwa na jina. Waliliita Bikizee. Lilikuwa gari refu la zamani, lenye buti kubwa. Viti vya nyuma vikilazwa, trei zote ziliingia bila kubanana. Rangi ilikuwa imefifia na mlango mmoja ulifunguka kwa ndani tu. Lakini injini yake ilikuwa nzuri ajabu. Ikiwashwa, ilinguruma kama paka aliyeshiba.

"Isikilize hiyo," Kobe alipenda kumwambia mkewe. "Miaka ishirini na miwili, na haijakohoa hata siku moja."

"Nimesikia jana, nimesikia juzi," mkewe alimjibu. "Lete trei ile. Na uiweke taratibu, yai la pembeni lina ufa."

Jioni kazi ilikuwa nyingine. Hata dereva awe mpole namna gani, mayai mawili matatu huvunjika. Ute wake hupenya kila mahali, na baada ya siku moja harufu yake haivumiliki. Mama mkwe wake Kobe, aliyeishi nao, ndiye aliyeleta dawa.

"Maji matupu hayaiwezi harufu ya yai," alisema. "Tieni chumvi. Na msiionee huruma chumvi."

Basi kila jioni walimwaga ndoo mbili za maji ya chumvi ndani ya buti, wakasugua kwa ufagio. Maji yalipita chini ya zulia la plastiki, yakapotea. Walifanya hivyo kwa miaka mitano. Hapakuwa na gari la mayai lililonukia vizuri kama Bikizee, na mama mkwe alijivuna kwa jambo hilo hata mbele ya wageni.

Lakini Kobe alikuwa na hofu, na hakumwambia mtu.

Hofu ilianza na chupa. Chini ya kiti chake aliweka chupa ya mafuta ya breki. Zamani aliongeza mafuta hayo kidogo mara moja kwa miezi kadhaa. Halafu ikawa kila mwezi. Sasa ilikuwa kila wiki. Kila asubuhi aliona unyevu chini ya gurudumu la nyuma. Alijiambia, "Ni maji ya kuoshea tu." Halafu alikanyaga mahali pale kwa kiatu, akapafuta kwa vumbi, kama mtu anayeficha kosa.

Kisha taa nyekundu ikaanza kuwaka mbele ya usukani. Iliwaka kwenye kona, ikazimika. Alijiambia ni nyaya za zamani.

Kisha pedali ya breki ikaanza kushuka. Zamani iligusa mguu wake mapema. Siku hizi ilimngoja chini kabisa, karibu na sakafu.

Kutoka nyumbani kwao kwenda sokoni kulikuwa na mteremko mrefu. Chini ya mteremko huo watu walivuka barabara: wanafunzi, wachuuzi, wasukuma mikokoteni. Kila asubuhi, gari lilipokaribia mteremko, mate yalimkauka Kobe. Alianza kukanyaga breki juu kabisa, kidogo kidogo, hadi chini. Akifika salama alipumua na kufuta kijasho. Lakini moyoni alijua kesho ipo, na mteremko upo.

Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi mwanamke aliyeweza kumwambia ukweli. Alikuwa fundi wa mabasi kwa miaka ishirini na mitatu, sasa amestaafu. Watu walimwita Mama Kurunzi, maana hakutoka nje bila kurunzi mfukoni, hata mchana. Mara nyingi alimwambia Kobe, "Jirani, niletee gari nilichungulie chini. Sitaki hata soda." Kobe alijibu, "Kesho." Kesho hiyo ilifika miaka miwili. Alimwogopa mama yule kuliko askari wa barabarani. Askari angemwandikia faini. Mama Kurunzi angemwambia gari limekufa. Na bila gari, familia ingekula nini?

*

Siku moja hapakuwa na mayai. Binti yao alikuwa na mimba ya miezi minane, na ilikuwa siku yake ya kliniki. Alikaa mbele na baba yake. Mama yake alikaa nyuma.

Gari lilikuwa tupu, na Kobe akajisahau. Alikwenda mwendo ambao watu wengine huuita wa kawaida.

"Baba leo umekuwa sungura," binti alisema akicheka.

"Nyamaza wewe. Sitaki mjukuu wangu azaliwe njiani."

Wakaanza kuteremka. Walipofika katikati, mkokoteni uliojaa madumu ya maji ukaingia barabarani. Aliyeusukuma alikuwa ameinamisha kichwa, hakuliona gari.

Kobe alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi.

Chini ya gari kitu kilipasuka. Pedali ilizama mpaka sakafuni, laini, kama amekanyaga tope.

"Baba?" binti alisema.

Kobe alikanyaga tena. Hakuna kitu. Akakanyaga mara ya tatu, na magurudumu ya mbele yakashika kidogo tu. Alipunguza gia, injini ikalia. Alivuta breki ya mkono. Gari lilipungua mwendo lakini halikusimama. Msukuma mkokoteni aliinua kichwa, akaacha madumu yake yakimwagika, akaruka pembeni. Kando ya barabara, mbele ya nyumba iliyokuwa ikijengwa, kulikuwa na rundo la mchanga. Kobe aligeuza usukani kulielekea.

Bikizee liliingia mchangani, likasimama.

Hapakuwa na sauti isipokuwa ya injini. Ilikuwa ikinguruma kama paka aliyeshiba, kana kwamba hakuna lililotokea. Kobe aliizima. Akamgeukia binti yake.

Binti alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu," mama yake aliita kutoka nyuma. "Mwanangu, sema kitu."

"Subirini," binti alisema.

Wakasubiri. Kobe hakuwahi kusubiri kitu kwa muda mrefu namna ile.

"Amecheza," binti alisema hatimaye. "Amenipiga teke."

Mama yake aliweka uso kwenye mgongo wa kiti, akalia bila sauti.

Msukuma mkokoteni alikuja dirishani, miguu imelowa. "Mzee, ukitaka maji si ungeniita tu," alisema. Halafu akamwona binti na tumbo lake, akaacha utani. Aliwafungulia mlango na kuwasaidia kushuka.

Mama na binti walikwenda kliniki kwa miguu, polepole, wameshikana. Mkunga alimpima binti akasema yeye na mtoto ni wazima. Kobe alibaki amekaa juu ya mchanga. Alitazama watu wakivuka barabara pale pale, wengine wamebeba watoto mgongoni. Akafikiri juu ya chupa iliyokuwa chini ya kiti chake.

*

Vijana wa ujenzi walilisukuma gari taratibu hadi gereji iliyokuwa karibu. Kesho yake mchana, mkewe Kobe alisimama mbele yake akiwa amejifunga khanga kiunoni.

"Baba watoto, Mama Kurunzi anatungoja gereji."

"Nani kamwita?"

"Mimi. Wewe ungemwita kesho."

Walikwenda, na mama mkwe akawafuata, maana hakutaka kusimuliwa.

Gereji ilikuwa na shimo la kukagulia magari. Bikizee lilisimama juu yake. Mama Kurunzi alishaingia ndani ya shimo, kurunzi mkononi, leso kichwani.

"Karibu jirani," alisema. "Shuka. Haliumi."

Kobe alishuka. Kwa miaka mitano hakuwahi kuliona gari lake kwa chini.

"Ona bomba hili jembamba," Mama Kurunzi alisema. "Mguu wako ukikanyaga pedali, mafuta husukumwa ndani ya bomba hili mpaka kwenye magurudumu. Hayo mafuta ndiyo yanayofanya kazi ya kubana breki. Sasa tazama hapa."

Bomba lilikuwa limefunikwa na kutu, na mahali pamoja lilikuwa limepasuka.

"Ulikuwa unaongeza mafuta ya breki?"

"Kila wiki," Kobe alisema chini chini.

"Ulidhani yanakwenda wapi?"

"Nilidhani gari likizeeka linayanywa."

Mama Kurunzi hakucheka. "Hayanywewi hayo, jirani. Breki zikilika, yanashuka kidogo sana, tena kwa muda mrefu. Yakishuka kila wiki, yanavuja. Usiongeze ukaendelea na safari. Simama, utafute yanapotokea. Na taa nyekundu?"

"Iliwaka."

"Ikakwambia nini?"

"Nilikataa kusikia."

"Haya. Umesema mwenyewe." Alimulika bomba tena. "Unajua kilichokuponza zaidi? Mguu wako mpole. Bomba lililoliwa na kutu linaweza kuhimili breki ya taratibu. Siku ukikanyaga kwa nguvu, linapasuka. Wewe kwa ajili ya mayai hukuwahi kukanyaga kwa nguvu, kwa hiyo hukujua. Mwenye gari la aina yoyote inampasa ajaribu breki zake mahali salama, uwanja mtupu, barabara tupu. Asingoje siku ya shida."

"Bomba linabadilishwa?"

"Linabadilishwa. Ni kazi ya asubuhi moja. Breki, matairi, betri, hivyo ni vitu vya kulika. Hata gari jipya litakudai siku moja. Havikuambii utupe gari."

Kobe alihisi mzigo unamtoka mabegani. Alitaka kucheka. "Basi Bikizee limepona."

"Sijasema hivyo. Bomba hili limeoza upesi kuliko umri wake. Huko nyuma mnaosha na nini?"

Mama mkwe alijibu kutoka juu, kwa fahari. "Maji ya chumvi. Ndoo mbili, kila jioni."



"Kila jioni," Mama Kurunzi alirudia. Alitoa nyundo ndogo mfukoni, akampa Kobe. "Gonga hapa mbele, chini ya injini."

Kobe aligonga. Chuma kililia kwa sauti kali.

"Sasa gonga huku nyuma. Hapa springi ya gurudumu iliposhikizwa."

Kobe aligonga. Sauti ilikuwa ya kufa, kama kugonga boksi lililolowa. Vumbi jekundu lilimwangukia machoni.

Mama Kurunzi akampa bisibisi. "Sukuma."

Kobe alisukuma kwa mkono mmoja. Bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini.

Alibaki ameishika, akiogopa kuichomoa. Hapo juu ya mkono wake ndipo mayai yalipokaa kila siku, na jana, sehemu hiyo hiyo, ndipo mkewe alipokuwa amekaa.

"Ingekatika siku gani?" aliuliza.

"Sijui. Hakuna fundi anayejua. Kesho, au baada ya miezi sita. Ikikatika gari likiwa kwenye mwendo, gurudumu la nyuma linahama, na usukani hauna la kufanya."

Juu yao mama mkwe alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu. "Kumbe ni mimi," alisema. "Mimi na chumvi yangu."

"Si wewe peke yako, mama," Mama Kurunzi alisema. "Hukujua. Chumvi na maji hula chuma. Mngefuta kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, mkafungua milango likakauka, hili lote lisingekuwepo."

"Lakini injini," Kobe alisema. "Injini ni nzima. Wewe mwenyewe unaisikia."

"Ninaisikia. Injini ni moyo mzuri ndani ya nyumba inayoanguka. Watu wengi wanakosea hapo. Wanasikiliza injini tu, hawainami kuchungulia chini."

*

Walitoka shimoni wakakaa kivulini. Kobe aliuliza swali lililomtesa kwa miaka miwili.

"Sasa nitajuaje kama gari ni la kutengeneza au la kuacha?"

"Kwanza jiulize kama linaweza kuua mtu. Kama linaweza, halitoki hapa mpaka hatari iondoke. Hapo hapana kubembelezana. Pili, uliza ugonjwa uko wapi. Kitu cha kulika unabadilisha, maisha yanaendelea. Bodi na fremu vikioza ni habari nyingine. Ukitaka kuchomelea chuma kipya, lazima kipate chuma kizima cha kushikia. Hapa kwako hakuna."

"Na gharama?"

"Usihesabu tengenezo la leo tu. Mtu anasema, hiki kidogo, naweza. Mwezi ujao kingine kidogo. Andika yote ambayo gari litataka kwa mwaka mzima. Halafu uliza, gari hili likiwa zima linauzwa bei gani? Matengenezo yakifika nusu ya bei hiyo, simama ufikiri sana. Yakiipita, basi unanunua gari lile lile mara ya pili, na bado ni zee."

Mkewe Kobe alikuwa akisikiliza kwa makini. "Na kama hatuna za kununua jingine sasa hivi?"

"Dada, ni afadhali mkodi mkokoteni miezi mitatu. Mayai hayana habari yamebebwa na nini."

Wakati huo mchomeleaji wa gereji alisogea, miwani yake nyeusi ikiwa kwenye paji la uso. Alikuwa amesikia mazungumzo yote.

"Mzee, wasikutishe," alimwambia Kobe. "Nipe siku mbili. Nabandika bati hapo, napaka lami nyeusi, hata mkaguzi hataona kitu. Ukichoka nalo unamuuzia mtu. Yuko mwalimu mmoja anatafuta gari la kubebea watoto wa shule."

Ni kweli Kobe alijaribiwa. Siku mbili tu, na kila kitu kingerudi kama zamani. Mteremko ule ule, injini ile ile. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameshika mkono mmoja kwa mwingine, akitazama kiti cha nyuma alichokalia jana.

"Watoto wangapi?" Kobe aliuliza.

"Eh?"

"Huyo mwalimu. Anabeba watoto wangapi?"

"Kumi hivi. Wadogo wadogo."

Kobe aliinuka. "Mkaguzi hataona," alisema. "Lakini mimi nimeona. Bisibisi niliisukuma kwa mkono wangu mwenyewe. Usiliguse gari langu."

Mchomeleaji aliguna akaondoka. Mama Kurunzi alikunja leso yake, akasema tu, "Sasa tunaweza kuongea."

*

Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa migumu. Kobe alikodi mkokoteni wa yule yule msukuma maji, na wakausukuma pamoja. Madereva walipita wakipiga honi. "Kobe, umeachwa hata na kobe," walimtania. Alibeba trei chache, akarudi mara mbili. Jioni miguu iliwaka moto. Lakini alilala. Kwa miaka miwili hakuwa amelala vile.

Bikizee liliuzwa vipande vipande, na kila mnunuzi aliambiwa ukweli. Bodi ilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ikakatwa ili isirudi barabarani. Injini ilinunuliwa na mwenye karakana ya mbao, akaifunga kwenye msumeno wake.

Kisha wakatafuta gari jingine. Mama Kurunzi alikwenda nao. La kwanza lilikuwa jekundu, linang'aa, na Kobe akalipenda hapo hapo. "Piga magoti kwanza," Mama Kurunzi alimwambia. Kobe alipiga magoti akagonga. Sauti ya boksi lililolowa. Akainuka, akajipangusa, akamshukuru mwenye gari.

La nne lilikuwa kigari kidogo cha mizigo, rangi ya uji, ubavu umebonyea. Injini yake ilikohoa kama mzee mwenye kifua. Lakini chini chuma kililia kila mahali, mabomba yalikuwa makavu, na breki ilishika juu, mapema. Kobe alilijaribu kwenye uwanja mtupu. Alikanyaga kwa nguvu. Likasimama mara moja, na Mama Kurunzi karibu agonge kioo kwa kichwa.

"Umenijaribu mimi au gari?" aliuliza.

"Vyote viwili vizima," Kobe alijibu.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kupakia trei ya kwanza, Kobe hukaa kwenye usukani. Hukanyaga breki na kuishikilia, akihesabu mpaka kumi. Ikishuka, hakuna safari. Halafu huinama na kutazama ardhi chini ya kila gurudumu. Sakafu ya nyuma ina beseni pana la plastiki chini ya trei. Jioni mama mkwe hulitoa beseni, akalioshea mbali na gari. Chumvi sasa inakaa jikoni. Mtu akiichukua, bibi huyo humuuliza anakwenda nayo wapi.

Juzi Kobe alimpeleka binti yake kliniki tena. Safari hii mtoto alikuwa mikononi, amefungwa shali, amelala.

Walipofika juu ya mteremko, mate yalimkauka Kobe kama zamani. Hofu ile haijaondoka yote. Alipunguza mwendo. Kutoka karakana ya mbao, pembeni, aliisikia sauti anayoijua: injini ya Bikizee inanguruma kama paka aliyeshiba, na msumeno unakata.

"Unaisikia, baba?" binti aliuliza.

"Ninaisikia," Kobe alisema. Lakini macho yake yalikuwa mbele.

Chini, kundi la wanafunzi lilikuwa linasubiri kuvuka. Kobe aliweka mguu kwenye breki. Ikashika juu, mapema. Kigari kilisimama hatua nyingi kabla ya watoto, kikikohoa. Wakavuka wote, wa mwisho akiburuta mkoba. Mtoto hakuamka.